Wachezaji wakiacha njia yako: kubuni papo hapo kwenye mchezo wa kusimulia

Tuanze na mfano. Uko umeketi mezani na marafiki wanne, mnacheza Dungeons & Dragons. Kwa wale hawaujui: ni mchezo wa kusimulia. Kila mchezaji anabeba mtu mmoja wa kubuni, askari, mwizi ao mchawi, na anasema mtu wake anafanya nini. Mmoja kati yenu njo mwongoza mchezo. Yeye anaeleza dunia, anasemea maadui na wanakijiji, na pale matokeo hayajulikani, dadu yenye sura 20 inatupwa.

Leo mwongoza mchezo ni wewe. Umekesha siku tatu ukitayarisha pango, mitego, na joka linalolinda hazina. Wachezaji wanafika kwenye mlango wa pango, na mmoja anasema: «Mimi siingii. Narudi kijijini kumuuliza chefu, nani alimwambia kama humu kuna joka?»

Karatasi zako hazina jibu. Sasa unafanya nini?

Wengi wetu tutafanya vile tulizoea kwenye mtihani: kutafuta kile tulisoma kwa kichwa. Tutaleta mvua kubwa, tutavunja daraja, tutasema chefu amesafiri. Wachezaji wataingia pangoni, ndiyo. Lakini wameelewa kitu: hata waseme nini, hadithi imeshaandikwa. Kutoka hapo watangoja tu uwaambie fasi ya kwenda. Mchezo umekufa, hata kama dadu bado zinatupwa.

Ajabu ni hii: michezo ya namna hii ilizaliwa siku moja mpango ulivunjika. Mwaka 1969, kule Minnesota, Marekani, kijana mmoja jina lake David Wesely alitayarishia wenzake mchezo wa vita wa wakati wa Napoléon. Majeshi yalikuwa yanakaribia Braunstein, mji wa kubuni wa Ujerumani. Juu wachezaji walikuwa wengi, baadhi yao aliwapa nafasi za raia: meya, mkubwa wa chuo kikuu, mwanafunzi. Kila mmoja alikuwa na lengo lake.

Wesely alifikiri watamfuata kwa utaratibu, mmoja mmoja. Hapana! Walianza kuzunguka na kupanga njama kati yao. Wawili wakaitana kupigana mtu kwa mtu, na hakuna sheria ya jambo hilo iliyokuwa imeandikwa. Ikabidi aamue pale pale. Usiku ukaisha, majeshi hayajapigana. Wesely akaona ameharibu kila kitu. Lakini wachezaji walikuwa wamefurahi, wakaomba mchezo mwingine kama ule.

Hata hivyo, hakuwa mikono mitupu. Alikuwa amesoma kitabu cha zamani, Strategos, cha mwaka 1880, cha afisa Mmarekani Charles Totten. Ndani yake kuna wazo moja kubwa: mchezaji anaweza kujaribu jambo lolote, na mwamuzi njo anapima litaishia wapi. Katika kikundi hicho alikuwemo Dave Arneson, aliyesoma historia kwenye Chuo Kikuu cha Minnesota. Yeye alichukua namna hiyo ya kucheza akaitia ndani ya dunia yake ya uchawi, Blackmoor. Kisha akafanya kazi pamoja na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwaka 1974 Dungeons & Dragons ikatoka, nakala 1,000 za kwanza.

Angalia vizuri Wesely alitayarisha nini. Hakuandika mambo yatakayotokea. Alitayarisha mji, watu, na kile kila mtu anataka. Hapo njo siri iko. Kubuni papo hapo haimaanishi kuja bila kutayarisha. Ni kutayarisha kitu kingine.

Turudi kwa chefu wetu. Badala ya kurasa kumi za pango, andika mistari miwili juu yake: anataka nini, anaogopa nini. Tuseme ana deni kwa mfanyabiashara mmoja, na huyo mfanyabiashara njo alimwomba atume watu pangoni. Mchezaji akirudi kuuliza, hauhangaiki. Chefu atadanganya, atatoka jasho, atatazama nyumba ya mfanyabiashara. Hukuwa umeandika mazungumzo hayo, lakini yanakuja yenyewe, juu unamjua mtu.

Pili, usikimbilie neno «hapana». Jaribu «ndiyo, lakini». Mchezaji anataka kuongea na joka badala ya kulipiga? Ndiyo, lakini joka lina njaa, na linauliza mumeliletea nini. Umekubali wazo lake na umelipa uzito. Dadu uiitishe tu pale kushinda na kushindwa vyote viwili vitaleta jambo jipya. Kama kushindwa kutawasimamisha tu, acha wapite.

Tatu, weka karibu orodha ya majina kumi. Mwanakijiji asiye na jina wachezaji wanajua mara moja kama umemzua sasa hivi. Na ukikwama kabisa, waulize: «Unafikiri utakuta nini humo ndani?» Mara nyingi jibu lao ni zuri kuliko lako. Ao omba dakika tano za kupumzika. Hakuna aibu.

Lakini kuna mpaka. Kitu ulichobuni, kiandike saa ileile. Kama leo ulisema daraja ni la mawe, kesho lisiwe la mbao. Na usitumie uhuru huo kumwadhibu mchezaji aliyekushangaza, kwa mfano kuzua mtego uliokuwa haupo ili mtu wake afe. Wachezaji watakusamehe ukisitasita, ukitafuta maneno. Ukiwaonea, hawatakuamini tena.

Mwisho wa yote, kubuni papo hapo kunaanzia kwenye masikio. Anayesoma karatasi zake haangalii nyuso za watu. Anayesikiliza anamsikia yule mnyamavu aliyesema kidogo, «mimi siingii», na anaelewa kama hadithi ya kweli imeanzia hapo. Tumesoma miaka mingi namna ya kurudisha jibu la prof vile lilivyo. Mezani, wenzako wanangoja kitu kingine: uchukue jibu lao, ulijenge mbele.

Na wewe, chefu wako angemjibu nini yule mchezaji?