Kabla ya kitanda cha ICU kupatikana

Jamaa yako amelazwa na usiku hali yake imekuwa mbaya. Daktari anakuambia anahitaji chumba cha wagonjwa mahututi, kile ambacho wengi wetu tunakiita ICU, lakini hospitali haina nafasi. Mnaanza kupiga simu huku na huko, mnaita mchango, mnatafuta ambulensi. Nimeziona familia nyingi zikihangaika hivyo. Swali ambalo husahaulika wakati huo ni hili: mgonjwa anafanyiwa nini sasa hivi, pale wadini alipolala?

Nilipokuwa katika mwaka wangu wa kwanza wa udaktari, katika hospitali moja ya wilaya, alilazwa kijana aliyeugua nimonia. Saa sita mchana muuguzi alimpima joto, presha na pumzi, akaandika. Usiku kulikuwa na muuguzi mmoja kwa wagonjwa zaidi ya arobaini. Nilipofika alfajiri, kijana alikuwa amekwisha kukata roho, na chati yake haikuwa na chochote kilichoandikwa tangu mchana. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, umesimamishwa nje ya chumba cha upasuaji, hatua chache tu kutoka kitandani kwake. Mimi pia sikuwa nimerudi kumtazama jioni ile. Familia yake iliniuliza kwa nini hakupelekwa Nairobi kwenye mashine. Sikuwa na jibu, maana hakufa kwa kukosa mashine. Alizidiwa na hakuna aliyejua.

Hata ICU yenyewe haikuanza kwa wingi wa mashine. Mwaka wa 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulivamiwa na ugonjwa wa polio. Hospitali ilikuwa na mashine chache mno za kusaidia watu kupumua, na kati ya waliopooza misuli ya kupumulia, asilimia 87 walikuwa wakifa. Daktari wa kutia wagonjwa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri watobolewe tundu kooni, waingizwe mpira, na hewa isukumwe kwa mfuko unaobonyezwa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kubonyeza mifuko hiyo mchana na usiku kwa majuma mengi. Vifo vikapungua hadi chini ya nusu. Kilichowaokoa wagonjwa wale ni mtu kukaa kando ya kitanda bila kuondoka.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka wa 2025 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mgonjwa mmoja kati ya kila wanane waliolazwa alikuwa mahututi. Karibu saba kati ya kila kumi wa hao mahututi walikuwa katika wadi za kawaida, wala si ICU. Mmoja kati ya watano alifariki katika muda wa juma moja. Na miongoni mwa walioshindwa kupumua vizuri, ni takriban nusu tu waliokuwa wakipewa oksijeni.

Ndiyo sababu siwaungi mkono wanasiasa wanaopigwa picha kando ya mashine mpya huku wadi ya jirani haina hata kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Mgonjwa aliye kwenye mashine huhitaji muuguzi wake peke yake saa zote. Asipopatikana, mashine hufunikwa shuka ikangoja.

Huko Papua New Guinea, hospitali tano zilipewa vifaa hivyo vya kidoleni pamoja na mashine zinazochuja oksijeni kutoka kwa hewa ya kawaida, na wauguzi wakafundishwa kuzitumia. Vifo vya watoto waliougua nimonia vilipungua kwa thuluthi moja, kulingana na ripoti ya mwaka wa 2008.

Tena si kila tiba ya nchi tajiri hutufaa ilivyo. Watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko mbaya wa damu walifuatiliwa, na matokeo yakatolewa mwaka wa 2011. Waliotiliwa maji mengi ya mshipani kwa haraka, kama vitabu vilivyoagiza, walikufa wengi zaidi (kama 10 kwa kila 100) kuliko waliotiliwa polepole (7 kwa kila 100). Sisi madaktari tulishtuka.

Wewe uliye kando ya kitanda, unaweza kufanya nini? Hesabu pumzi. Tazama kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20. Zikipita 30, mwite muuguzi, na usione haya kumwita tena. Uliza kipimo cha oksijeni ni ngapi; kikiwa chini ya 90, uliza kwa nini hajawekewa. Mwondolee rangi ya kucha kwanza, kwani huweza kukidanganya kifaa. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi kifaa hicho wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli, kwa hivyo mgonjwa anayetweta asiachwe eti kwa kuwa kimeandika 92.

Asiyejitambua alazwe ubavu, na tafadhali msimnyweshe uji wala chai. Huingia mapafuni.

Na ikilazimu ahamishwe, uliza kabla ya ambulensi kung'oa nanga: oksijeni iliyomo mtungini itafika mnakokwenda? Ni muuguzi gani anayeandamana naye? Hospitali ya mbele imesema yenyewe, kwa simu, kwamba kitanda kipo?