Mwache Mtoto Atoe Amri

Unapopanda mahindi unafuata hatua. Kwanza unachimba shimo. Pili unatia mbolea. Tatu unaifunika mbolea kwa udongo kidogo. Nne unaweka mbegu. Tano unafukia. Ukiweka mbegu juu ya mbolea ya chumvichumvi bila udongo katikati, mbegu itaungua. Mbegu ni ile ile na mbolea ni ile ile, lakini hatua moja ikirukwa kazi yote huharibika.

Kompyuta nayo huendeshwa kwa hatua. Mtu huiandikia amri, nayo huzifuata moja baada ya nyingine. Orodha ya amri hizo huitwa programu. Unaweza kumfundisha mtoto kupanga programu hapo hapo uani, bila kompyuta na bila umeme. Mchezo huu unaweza kumfaa sana mtoto mwenye usonji.

USONJI NI NINI?

Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa namna ya tofauti tangu utotoni. Mtoto mmoja huchelewa kusema, au hasemi kabisa. Mwingine hapendi kutazamwa usoni. Wengi husumbuliwa na kelele. Wengi hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule kila siku, na hufurahi kupanga vitu mstari. Lakini watoto hawa hawafanani.

Usonji si laana wala uchawi. Hauambukizi. Hauletwi na chanjo, wala si kosa la mama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021, katika kila watu 127 duniani, mmoja alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kijiji cha watu 2,000 kinaweza kuwa na watu kama 16. Je, wewe unawajua wangapi? Wengine wamefichwa ndani ya nyumba.

VIFAA

Tafuta boksi kuukuu, kisu, mkaa, jivu na gunzi moja la mahindi. Kata kadi 11 zinazolingana. Chora kwa mkaa:

1. Mshale ulionyooka: kadi 6. Maana yake, nenda mbele hatua 1.
2. Mshale uliopinda kulia: kadi 2. Maana yake, geuka kulia.
3. Mshale uliopinda kushoto: kadi 2. Maana yake, geuka kushoto.
4. Mkono: kadi 1. Maana yake, okota.

Kisha chora uani kwa jivu vyumba 16 vya mraba, vinne kwa vinne. Kila chumba kitoshe mtu mzima kusimama.

JINSI YA KUCHEZA

Chagua saa ya utulivu, wakati hakuna kelele. Wewe mzazi simama katika chumba cha pembeni. Weka gunzi katika chumba kingine. Mwonyeshe mtoto kila kadi na kitendo chake. Usiseme maneno mengi.

Sasa mtoto apange kadi chini, mstari mmoja. Wewe zifuate kama zilivyo. Kwa mfano: mbele, mbele, mbele, geuka kulia, mbele, mbele, okota. Hizo ni kadi 7. Ukifika kwenye gunzi, liokote na umpe.

Kadi ikikupeleka mahali pasipo na gunzi, nenda huko huko. Usirekebishe mwenyewe. Usimkemee. Rudi mwanzo, mpitie kadi pamoja, moja moja, mpaka aione inayopaswa kubadilishwa. Hata mafundi wa kompyuta hufanya kazi yao hivyo.

Akishazoea, ongeza kadi yenye duara na nukta 3. Maana yake, rudia mara 3. Akiiweka kabla ya mshale mmoja, haina haja ya mishale 3.

Kama mtoto hapendi gunzi, tumia kitu anachokipenda, kama kizibo cha chupa au gurudumu. Akichoka, acha. Dakika 10 zinatosha.

FAIDA YAKE

Ndugu msomaji, mtoto asiyesema huamriwa tangu asubuhi mpaka jioni. Njoo, kaa, acha, nyamaza. Katika mchezo huu yeye ndiye anayetoa amri, na mtu mzima anatii. Hahitaji kusema hata neno moja. Wewe nawe utaona anavyofikiri.

Kadi hizo zinaweza kusaidia kazi za nyumbani pia. Chora kadi 4 za asubuhi: kunawa uso, kunywa uji, kuvaa, kwenda kwa kuku. Zitundike ukutani kwa mpangilio huo. Kila akimaliza kazi moja, aigeuze kadi. Watoto wengi wenye usonji hutulia wakijua kitakachofuata.

Kama shule au ndugu yako ana kompyuta, ulizia programu iitwayo Scratch. Ilitolewa Marekani mwaka 2007 kwa ajili ya watoto. Hailipiwi, ina Kiswahili, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti. Ndani yake amri ni vipande vya rangi vinavyopangwa kama kadi zako.

Mchezo huu si dawa ya usonji. Mpeleke mtoto kituo cha afya akaangaliwe. Mwone pia Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako. Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya mtoto huyu ya kusoma. Mtoe nje. Mwandikishe shule.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

1. Kwa nini mzazi asirekebishe kadi yeye mwenyewe?
2. Taja kazi moja ya nyumbani kwako. Ina hatua ngapi?
3. Je, kijijini kwetu yupo mtoto aliyefichwa? Tutamsaidiaje mzazi wake?