Mfumo ni wa Bure, Bando Je?

Mwenye laptopu ya mtumba yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha tano au cha sita ana hesabu ya kupiga. Huduma ya Windows 10 ilifika kikomo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambayo, kwa Intel, kwa kawaida huanzia kizazi cha nane. Leseni ya Windows 11 Home inauzwa dola 139 za Marekani. Nakala iliyochakachuliwa simshauri mtu yeyote anayeingia akaunti ya benki kwa kompyuta hiyo: hujui aliyeichakachua ameficha nini humo.

Mifumo huria ya Linux, kama Ubuntu, Fedora, Debian na Mint, haina ada ya leseni. Kinacholiwa ni bando, na hapo ndipo inapotofautiana.

Faili la kusimika Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6. Ni mfumo mzuri, una huduma ya miaka mitano, na ukikwama wa kuwauliza ni wengi. Lakini programu zake zinazokuja kama vifurushi vya snap, Firefox ikiwemo, huangalia masasisho mara nne kwa siku na kuyapakua zenyewe. Kwenye waifai ya ofisini hilo ni jema. Kwa anayetegemea hotspoti ya simu na bando la siku, ni hasara, na kuizuia kunataka uandike amri kwenye teminali.

Fedora hutoka upya kila miezi sita na toleo huhudumiwa kwa miezi kama 13 tu. Kila mwaka unapakua mzigo mkubwa. Debian ni imara mno, ila faili lake dogo la netinst lisikudanganye: yaliyobaki yote huvutwa mtandaoni wakati wa kusimika.

Mimi nachagua Linux Mint 22, toleo la Xfce. Faili ni karibu GB 3, huduma inafika 2029, na RAM ya GB 4 inatosha. Snap haimo. Pembeni mwa skrini kuna alama ndogo ya ngao. Ukiibofya unaona orodha ya masasisho, na chini yake jumla ya MB zitakazoliwa. Unachukua ya usalama leo, kernel nzito unaitolea tiki hadi upate waifai. Mwenye bando dogo anahitaji uamuzi huo uwe mkononi mwake.

Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote: sauti, waifai, printa. Kama diski ni ya kuzunguka, hela ya kwanza nunua SSD. Anayeishi kwa AutoCAD au Photoshop abaki Windows na atafute mashine mpya zaidi.

Wengine, changishaneni bando. Faili moja linaruhusiwa kusimikwa kwenye kompyuta zote za ukoo, na za majirani pia.