Kamba Haitibu Ugonjwa wa Akili



Mtu wa Nyakitonto akishikwa na malaria, jirani humpakia kwenye baiskeli au pikipiki akampeleka zahanati. Hakuna anayemcheka. Hakuna anayemfunga. Lakini mtu huyo huyo akiugua akili, mambo hubadilika. Watoto humfuata njiani wakimzomea. Wakubwa husema amerogwa. Akianza fujo hufungwa kamba miguuni na kuachwa ndani. Miezi hupita, naye yumo humo humo.

Jiulize: kamba hiyo imemponya nani? Kamba humzuia mtu asiende mbali. Haiondoi ugonjwa. Hukata ngozi, hudhoofisha miguu, humwongezea mgonjwa hofu na uchungu. Ugonjwa wa akili una matibabu yake. Na matibabu hayo hufaa zaidi mgonjwa akiwa karibu na watu wake.

UGONJWA WA AKILI NI UGONJWA

Ubongo ni kiungo cha mwili, kama moyo na maini. Nao huweza kuugua. Mgonjwa mmoja husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Mwingine hudhani majirani wanataka kumwua. Mwingine hafanyi fujo hata kidogo. Hukaa kimya, halali, hali, haendi shamba. Watu humwita mvivu, kumbe anaugua sonona. Mama aliyejifungua karibuni naye huweza kupatwa na ugonjwa huu.

Vyanzo ni vingi. Kuna urithi wa ukoo, kuumia kichwa, malaria iliyopanda kichwani, misiba na shida kubwa. Pombe na bangi nazo huleta ugonjwa wa akili au kuuzidisha. Ugonjwa wa akili hauambukizi. Unaweza kula na mgonjwa sahani moja.

ZAMANI WAGONJWA WALIPELEKWA MBALI

Mwaka 1927, wakati wa utawala wa Waingereza, Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma. Hospitali hiyo ipo mpaka leo na imewasaidia wengi. Lakini fikiria safari ya mtu wa Kasulu au Kibondo siku zile. Ashuke mpaka Kigoma, apande treni, apite Tabora, ndipo afike Dodoma. Ndugu zake wangemtembeleaje? Akipata nafuu na kurudi, huenda akakuta shamba lake limegawanywa na jina lake limesahauliwa. Mtu asiye na shamba wala rafiki ni rahisi kuugua tena.

Waafrika wenyewe walitafuta njia nyingine. Mwaka 1954 daktari Mnigeria, Thomas Adeoye Lambo, alianza kazi ya namna yake huko Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Wagonjwa walikaa katika nyumba za wanakijiji pamoja na ndugu zao. Walikwenda hospitali kupata dawa, kisha wakarudi kijijini kuishi na kufanya kazi na watu.

Tanzania nayo, mwishoni mwa miaka ya 1960, ilianza vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Kimoja kilikuwa Hombolo, karibu na Dodoma. Wagonjwa waliopata nafuu walishika jembe tena. Mtu aliyeitwa mwendawazimu alivuna chakula kwa mikono yake.

Miaka ya 1980 ilipoanza, Serikali ilifanya majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na nchi ya Denmark. Watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kuwatambua wagonjwa wa akili na kuwatibu. Huduma ikaanza kumfuata mgonjwa alipo. Leo wilaya huwa na mratibu wa afya ya akili. Tena ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, inayohusu matibabu na ulinzi wa wagonjwa hawa.

ULEVI NAO UNA TIBA

Katika nchi yetu ya migomba, pombe ya ndizi hunywewa kwenye harusi na kwenye kazi za pamoja. Lakini yupo mtu ambaye pombe imemtawala. Asubuhi mikono yake hutetemeka mpaka anywe. Ameuza maharage ya mbegu ili anunue gongo. Kila siku anasema ataacha, na kila jioni yuko kilabuni. Mtu huyu hahitaji matusi. Anahitaji matibabu.

Angalia jambo hili la hatari. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akiacha ghafla, huweza kupatwa na degedege, au kuweweseka na kuona vitu visivyopo. Wengine hufa. Kwa hiyo msimfungie ndani ili aache kwa nguvu. Mpelekeni kwanza kwa mganga wa zahanati. Zipo dawa za kumvusha siku hizo ngumu.

Hata dawa za kulevya kali zina tiba. Mwezi wa Februari 2011, Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa watumiaji wa heroini dawa iitwayo methadoni. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Dawa hiyo humtuliza, akaacha kuhangaika kutafuta heroini. Hapo hupata nafasi ya kurudi kwa familia na kazini.

MAZUNGUMZO NAYO NI DAWA

Watu wa Kasulu na Kibondo wamewaona wakimbizi kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mwaka 2015 Warundi wengi walikimbilia Nyarugusu na Nduta. Vita huacha majeraha yasiyoonekana: ndoto mbaya, hofu, kukosa usingizi. Huko Nduta, Madaktari Wasio na Mipaka walitoa dawa za mwili, na pia walikaa na watu wakawasikiliza.

Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi kazi hiyo. Bibi huketi kwenye benchi karibu na zahanati. Mwenye moyo mzito huja, hukaa, husema. Bibi husikiliza, kisha wanatafuta pamoja hatua ya kwanza ya kutatua shida. Wengi wamepata nafuu. Je, Nyakitonto haina bibi wenye busara?

KIJIJI KIFANYE NINI?

1. Mpelekeni mgonjwa mapema zahanati au kituo cha afya. Mganga akishindwa, atampeleka hospitali ya wilaya au ya mkoa.

2. Aliyefungwa kamba asifichwe. Mwambieni mwenyekiti wa kitongoji na mganga. Ikiwa ana fujo, msimfungue bila msaada. Waje watu anaowaamini, waseme naye kwa upole, apate dawa.

3. Anayesema anataka kufa msimpuuze. Msimwache peke yake. Ondoeni kamba na sumu za shambani karibu naye. Mpelekeni kwa mganga siku hiyo hiyo.

4. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Ugonjwa huweza kurudi. Dawa ikimletea usingizi mwingi au kutetemeka, arudi kwa mganga ili apunguziwe au abadilishiwe.

5. Ukoo ukitaka kwenda kwa mganga wa kienyeji au kwenye maombi, dawa za zahanati zisiachwe.

6. Aliyepata nafuu apewe jembe na kazi. Aalikwe kwenye mkutano wa kijiji na kwenye harusi. Aliyeacha pombe asivutwe kilabuni kwa mzaha. Walioacha wakutane mara kwa mara ili watiane moyo.

Si kila mgonjwa atapona kabisa. Wengine watameza dawa miaka mingi, kama mwenye kisukari. Lakini mtu anayemeza dawa, analima shamba lake na kula na watoto wake, hajapotea. Kijiji kimempata tena mtu wake. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mganga peke yake. Jirani, mganga hulala zahanati. Wewe ndiye unayekaa karibu na mgonjwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Je, katika kitongoji chenu yuko mtu aliyefungwa au kufichwa? Nani atakwenda kumwona?

2. Kwa nini ni hatari mlevi wa kila siku kuacha pombe ghafla bila mganga?

3. Mtu akirudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili, mtampa kazi gani?