Dzaleka: Nyumba za muda, mvua za kila mwaka

MWEZI Oktoba ukifika katikati ya Malawi, ardhi huwa imekauka hadi kupasuka, vumbi limetanda juu ya kila kitu na joto la mchana halivumiliki. Huu ndio mwezi ambao mwenye nyumba hana budi kutazama juu. Wiki chache baadaye, Novemba, mvua za kwanza huingia, na mara nyingi hutanguliwa na upepo mkali wa ghafla, ngurumo, na wakati mwingine mvua ya mawe. Kila msimu huo unapoanza, taarifa za nyumba na madarasa yaliyoezuliwa hutoka katika wilaya mbalimbali za nchi hiyo.

Mtanzania anayekwenda Lilongwe kwa basi kutoka Mbeya huvuka Mto Songwe, akapita Karonga, Mzuzu, Kasungu na Mponela. Zikiwa zimebaki kilomita 40 na kitu kufika mji mkuu, yuko jirani na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Hapo Kiswahili si lugha ya mgeni. Wakazi wengi ni Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na sokoni ndicho kinachowaunganisha, ingawa bati Mkongo ataliita manjanja na Mmalawi wa kijiji cha jirani ataliita malata.

Zamani mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Hastings Kamuzu Banda. Mwaka 1994, wakati maelfu ya watu wakikimbia mauaji na vita katika nchi za Maziwa Makuu, pakafanywa kambi. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, na wapo waliozaliwa humo ambao sasa wana watoto wao.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu mapaa, na nimeichagua Dzaleka kwa sababu moja. Kambi ilianzishwa kama mahali pa muda, na paa la muda halijengwi kama paa la kudumu. Lakini muda huo umepita miaka 30, na mvua haikuwahi kuambiwa kwamba nyumba hizo ni za kupitisha siku.

Swali la paa kudumu miaka mingapi huulizwa sana na wanaojenga, na muuzaji wa duka la vifaa huwa na jibu jepesi: bati miaka mingi, nyasi miaka michache, turubai mwaka au miwili. Jibu hilo lina ukweli, lakini limeacha jambo kubwa. Mabati ya aina moja, chini ya jua moja, yanaweza kukaa miaka 20 kwenye nyumba moja na kuondoka na upepo mwaka wa pili kwenye nyumba ya jirani.

Tuanze na turubai, ambalo wakimbizi wengi huliita shitingi. Lile la Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lina mita nne kwa tano, na limetengenezwa kwa nyuzi za plastiki zilizofumwa na kufunikwa plastiki nyingine pande zote mbili. Mvua hailiwezi, ila jua linaliweza. Lilongwe na Dowa hupata mvua kati ya Novemba na Aprili, kisha miezi sita hivi bila mvua ya maana. Katika miezi hiyo watu husahau paa, na ndiyo miezi ambayo mionzi ya jua inaikausha plastiki, inapoteza unyumbukaji, inaanza kupukutika kwenye mikunjo na pale ilipofungwa kamba. Upepo wa Novemba hukuta kazi imekwisha kufanywa.

Ipo njia ambayo Wamalawi wengi wa vijijini wanaitumia. Plastiki hulazwa chini, nyasi zikaezekwa juu yake. Nyasi huikinga plastiki na jua, nayo plastiki huzuia maji yaliyopenya kwenye nyasi. Aliyeweka nyasi chini na plastiki juu ametumia vitu vile vile kwa gharama ile ile, lakini plastiki yake inachomwa na jua siku zote na nyasi zake zinavunda kwa kukosa hewa.

Nyasi nazo zina masharti yake. Paa la nyasi linataka mwinamo mkali, karibu nyuzi 45, ili maji yateremke kabla hayajazama ndani. Ukililaza kwa kubana miti, maji yanakaa, nyasi zinaoza, na mwaka wa tatu unaezeka upya. Zinatakiwa kukatwa wakati wa kiangazi zikiwa zimekauka vizuri, na kila baada ya msimu juu ya mgongo wa paa paongezwe mpya. Na moshi wa jikoni, ambao wengi wetu tunauona ni uchafu, ni rafiki wa paa hilo. Hukausha nyasi na kufukuza wadudu. Kwenye bati, moshi huo huo ni adui, maana masizi hushika unyevu na kuulaza juu ya chuma usiku kucha. Ndiyo maana jikoni kwa kuni bati mara nyingi hutangulia kushika kutu kabla ya lile la chumbani.

Tatizo la nyasi kambini ni kwamba zinahitaji pori, na watu 50,000 waliobanana mahali padogo, wamezungukwa na mashamba ya wanavijiji, hawana pori. Halafu kuna moto. Nyumba zikigusana, cheche moja haichagui.

Basi kila mwenye uwezo anataka bati, Dzaleka na hata Lilongwe. Nchini Malawi bati limewahi kuwa suala la kura. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2014, serikali ya Rais Peter Mutharika ilianzisha ruzuku ya saruji na mabati kwa raia wa kipato cha chini, na watu wakaiita kwa jina la malata. Kuezeka kwa bati ni kusema umetoka hatua moja kwenda nyingine. Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Bati la kawaida ni chuma chembamba kilichopakwa zinki. Namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 28 ni karibu milimita 0.4, geji 30 ni karibu 0.3, na geji 32 ni chini ya hapo. Mnunuzi wengi huishia kuuliza geji. Wachache huuliza zinki, na zinki ndiyo inayopambana na kutu. Bati zuri hupakwa gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, ukijumlisha pande zote mbili, ambazo ni sawa na unene wa maikroni 20 hivi kila upande. La rahisi lenye gramu 100 lina maikroni saba tu. Maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Sehemu isiyo na chumvi wala moshi wa viwanda, zinki huliwa kwa kiasi cha maikroni moja kwa mwaka, au pungufu. Pwani ni habari nyingine. Wakazi wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa wanajua bati linavyogeuka kahawia upesi likiwa karibu na bahari. Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi. Kwa hesabu hiyo, bati zuri pale lingeweza kutimiza miaka 20 kabla kutu haijaanza, na lile la gramu 100 saba hivi. Kwa upande wa kutu, Malawi ya kati imebarikiwa.

Sasa kwa nini mapaa yanakufa mapema? Jibu liko kwenye msumari. Alfajiri ya Julai Lilongwe huwa na baridi ya nyuzi chini ya 10. Mchana jua likiwaka, bati linachemka kiasi kwamba huwezi kuliwekea kiganja. Chuma kikipata moto hurefuka. Bati la mita tatu hurefuka kwa milimita moja na nusu hivi, jioni likajikunja tena. Ni kidogo, lakini ni kila siku, mwaka hadi mwaka, na kila mara msumari unasukumwa na kuvutwa. Tundu linapanuka, mpira wa chini ya kichwa cha msumari unakauka na kupasuka kwa jua, na msumari unaanza kunyanyuka. Ukitumia msumari wa kawaida wa mbao usio na kofia pana wala mpira, safari hiyo inakuwa fupi zaidi. Maji yanaingia kwenye mbao, mbao inalainika, msumari unakosa pa kushika. Mchwa wakiwa wameshatangulia kwenye mikaratusi isiyotiwa dawa, upepo hauna kazi kubwa.

Watu hudhani upepo husukuma paa. Kwa kweli hulinyanyua. Ukipita kwa kasi juu ya paa huacha mvuto wa kwenda juu, na ule unaoingia kupitia mlango na dirisha lililo wazi husukuma kwa ndani. Kingo na mgongo wa paa ndivyo vinavyong'oka kwanza, na hapo ndipo misumari inapotakiwa kuwa mingi. Fundi anayebana misumari kwenye kingo na kuimwaga katikati amefanya kinyume. Msumari upigwe juu ya wimbi la bati, si bondeni ambako maji yanapita. Mabati yapandane wimbi moja na nusu au mawili, na mlalo wake uelekee mbali na upande ambao upepo huja nao.

Halafu kuna mawe. Ukitazama mitaa ya maskini karibu popote Afrika, utaona mapaa yaliyotandazwa mawe, matofali na matairi kuzuia upepo. Mawe hukwaruza zinki, hukusanya majani na unyevu chini yake, na upepo wa kweli ukija huyaangusha kwa waliolala. Waya unaofunga kenchi na kushuka kwenye ukuta safu kadhaa za matofali chini ya mwamba ungefanya kazi hiyo vizuri zaidi, na gharama yake si kubwa.

Nasema ukuta kwa sababu Dzaleka nyumba nyingi ni za tofali mbichi, udongo uliokaushwa juani. Kwenye nyumba ya saruji, paa likivuja unaweka ndoo. Kwenye nyumba ya tofali mbichi, maji yanayoingia juu ya ukuta yanarudisha tofali kuwa tope, na ukuta unaweza kuanguka usiku, watu wakiwa wamelala. Mabati yenyewe yanaweza kubaki mazima katika ajali hiyo. Kwa hiyo nyumba ya udongo inataka kofia pana inayotoka nje ya ukuta vya kutosha, ilhali upepo unapenda kofia pana kuliko kitu chochote. Mafundi wazuri hutatua hilo kwa kujenga baraza lenye paa lake peke yake, lisiloungana na paa kubwa, ili upepo ukichukua uchukue la baraza.

Kimbunga Freddy cha Machi 2023, ambacho kiliacha zaidi ya watu 1,200 wakiwa wamekufa au kutoweka nchini Malawi, kilipiga kusini, Blantyre na jirani zake, si Dowa. Mwaka huo Dzaleka ilikuwa na tufani yake ya aina nyingine. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikiwa na pingamizi katika baadhi ya vifungu, likiwamo suala la kuishi na kufanya kazi popote. Serikali iliwataka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na Mei 2023 operesheni ya kuwaondoa Lilongwe ikaanza. Watu waliokuwa na maduka na nyumba za bati mjini walifika kambini wakati wa baridi, pasipo na nyumba za kuwatosha.

Tangu hapo mtu anayejiuliza kama abadili misumari au anunue kopo la rangi ya kuzuia kutu anajiuliza pia kama mwakani atakuwa bado anaishi chini ya paa hilo. Ardhi si yake. Mgao wa chakula umepunguzwa zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022 na asilimia 44 Novemba 2023, na chuma cha kutengenezea bati hutoka nje ya nchi. Sioni ajabu akiahirisha. Mimi ningeahirisha.

Ila bati lina sifa moja ambayo nyasi hazina, nayo ni kwamba linang'olewa na kuhamishwa. Kwa mtu ambaye maisha yamemfundisha kuondoka, hiyo ni akiba. Tatizo ni kwamba kila likihama linaacha matundu ya zamani na kupata mapya, na bati la mitumba lililohama mara tatu linaweza kuwa na matundu mengi kuliko misumari inayolishika. Matundu hayo yazibwe kwa lami kabla bati halijapanda juu, si baada. Kwa aliyekwisha kuezeka, njia ya kuyatafuta haina gharama: saa sita mchana wa Oktoba, funga mlango na madirisha, kaa gizani dakika chache mpaka macho yazoee, kisha tazama juu. Kila penye nyota papigiwe alama ya mkaa kwa chini, na mtu apande asubuhi inayofuata, bati likiwa bado la baridi.