Je, Wajua? Zabibu za Ardhi Iliyodharauliwa

Wajua kwamba New Zealand hutoa asilimia 1 tu hivi ya mvinyo wa dunia nzima? Ni visiwa vya baridi na upepo, na hakuna mahali palipo mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 130 hivi. Kwa miaka mingi dunia iliijua kwa kondoo, sufu na siagi. Hata kama wewe huonji mvinyo, soma kama mkulima: sehemu kubwa ya zabibu zake zinazosifika leo ilitoka kwenye ardhi ambayo wenyewe hawakuona ina faida.

Wajua aliyeanza ni mhubiri? Tarehe 25 Septemba 1819, Samuel Marsden, mmisionari wa Kianglikana, aliandika katika shajara yake kwamba amepanda mizabibu kama 100 huko Kerikeri, kaskazini. Baadaye James Busby, mwakilishi wa serikali ya Uingereza, akapanda yake Waitangi na kutengeneza mvinyo. Mwaka 1840 baharia Mfaransa Dumont d'Urville aliuonja, akausifu. Mwaka huohuo, kwenye uwanja wa nyumba ya Busby, machifu wa Kimaori na wajumbe wa Uingereza walitia saini Mkataba wa Waitangi. Nao wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa walianzisha shamba lao Hawke's Bay mwaka 1851, na mpaka leo mvinyo wao unatoka eneo hilo.

Wajua pombe ilikaribia kupigwa marufuku kabisa nchini humo? Ilikuwa kura ya maoni ya Aprili 1919. Waliopiga kura nyumbani wengi walitaka marufuku. Zilipohesabiwa kura za wanajeshi waliokuwa ng'ambo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mambo yakageuka.

Wajua koo za Babich, Nobilo na Delegat, zinazosomeka kwenye chupa hadi leo, zina asili ya Dalmatia, pwani ya Kroatia? Watu wa huko walikwenda New Zealand kuchimba utomvu mkavu wa miti ya kauri uliofukiwa ardhini. Kazi ya udongo na matope. Wengine wakanunua vipande vya ardhi karibu na Auckland, wakapanda mizabibu kama walivyozoea kwao.

Mmoja wa kizazi chao, Frank Yukich wa kampuni ya Montana, ndiye aliyegeuza mambo. Mwaka 1973 alinunua mashamba Marlborough, kaskazini mwa Kisiwa cha Kusini, akaanza kupanda mizabibu kwenye malisho ya kondoo. Wengi waliamini baridi ya kule ni kali mno kwa zabibu. Mwaka 1975 kampuni hiyo ikapanda huko aina ya Sauvignon Blanc, zabibu nyeupe yenye asili ya Ufaransa. Leo Marlborough peke yake ina takriban asilimia 70 ya mizabibu yote ya nchi, na Sauvignon Blanc ndiyo aina inayoongoza kwa mbali. Lakini Yukich hakuwa wa kwanza kupanda mizabibu huko. Miaka 100 kamili kabla yake, mwaka 1873, David Herd alikuwa amepanda mizabibu yake papo hapo Marlborough, katika shamba la Auntsfield. Ujuzi ulikuwapo, ulisahauliwa tu.

Siri ya bonde la Wairau, huko Marlborough, haina uchawi. Mchana jua ni kali na anga ni safi, usiku ubaridi unashuka ghafla. Zabibu hukomaa taratibu, hupata sukari bila kupoteza uchachu wake. Ardhi nayo ni kokoto zilizoletwa na mto, maji hayatuami, mizizi haiozi.

Wajua serikali iliwahi kuwalipa wakulima wang'oe mizabibu? Ilikuwa mwaka 1986. Mvinyo ulikuwa umejaa kuliko wanunuzi, na kila hekta iliyong'olewa ililipiwa dola 6,175 za nchi hiyo. Karibu robo ya mizabibu yote iliondoka. Iliyoumia zaidi ni Müller-Thurgau, aina ya Kijerumani yenye mazao mengi na ladha hafifu, ambayo wakati huo ndiyo iliyotawala. Wengi walilia, na kwa mkulima kung'oa alichokipanda ni msiba kweli. Hata hivyo naamini mwaka ule uliwafaa kuliko ruzuku yoyote, maana nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na aina zilizostahili udongo wao.

Wajua kuna eneo la mizabibu lililozaliwa na mafuriko? Mwaka 1867 mto Ngaruroro, kule Hawke's Bay, ulihama njia yake na kuacha nyuma changarawe tupu. Hata majani ya kondoo yalikuwa haba. Zaidi ya karne moja baadaye watu waligundua kwamba mawe yale hunywa joto la mchana na kulitoa usiku. Wachimba kokoto waliitaka ardhi hiyo, wenye mizabibu wakapambana nao, wakashinda. Leo eneo hilo, liitwalo Gimblett Gravels, ni hekta 800 hivi, na mvinyo wake wa zabibu za Syrah na Merlot unauzwa kwa bei ya heshima.

Wajua mzabibu mmoja mashuhuri uliingia nchini ndani ya buti la mvua? Katika miaka ya 1970, ofisa forodha wa Auckland, Malcolm Abel, alikamata kipandikizi cha zabibu aina ya Pinot Noir kilichofichwa humo. Husimuliwa kuwa kilikatwa katika shamba la Romanée-Conti, moja ya mashamba ghali kuliko yote Ufaransa. Abel mwenyewe alikuwa mtengenezaji mvinyo, akajua alichoshika. Badala ya kukichoma alikipeleka karantini, na kilipotoka salama akakipanda. Pinot Noir ya uzao huo sasa inaitwa kwa jina lake, na ilichangia sifa ya Martinborough, mji mdogo karibu na Wellington.

Kusini zaidi kuna Central Otago, kwenye latitudo ya 45, kati ya maeneo ya mvinyo yaliyo kusini kabisa mwa dunia. Mfaransa Jean Désiré Féraud, aliyefika kutafuta dhahabu, alipanda mizabibu huko miaka ya 1860. Mvinyo wa kibiashara wa zama zetu ulianza kuuzwa mwaka 1987 tu. Barafu ya alfajiri ndiyo adui: wakulima hukodi helikopta zizunguke juu ya shamba na kusukuma hewa ya vuguvugu irudi chini.

Wajua kondoo hawakufukuzwa? Majira ya baridi huingizwa mashambani ili wale magugu.

Wajua kizibo cha gome la mti karibu kimetoweka huko? Mwaka 2001 watengenezaji waliungana kuhimiza vifuniko vya kuzungusha, kwa sababu vizibo vibovu viliharibu ladha. Wateja walidharau vifuniko hivyo wakisema ni vya mvinyo rahisi. Sasa chupa zaidi ya tisa katika kila kumi zinavitumia.

Wajua mzabibu wa New Zealand hulala usingizi wa baridi na kuzaa mara moja tu kwa mwaka, lakini wa Dodoma, usiojua baridi, huzaa mara mbili?

La mwisho ni la pua. Sauvignon Blanc ya Marlborough inanukia pilipili hoho na pasheni, na hakuna tone la pasheni lililotiwa humo. Kemikali ileile inayoipa pasheni harufu yake imefungwa ndani ya zabibu bila kunukia, mpaka hamira iifungue wakati wa kuchachuka. Siku ukikata pasheni, inuse kwanza kabla hujaila.