Ukipanga mkoba wa hospitali, panga na simu

Nguo zimekunjwa, beseni iko tayari, thamosi imeoshwa. Mama amelazwa Maua na asubuhi anaingia thieta. Saa nne binti yake anataka kununua vitu vidogo vya wodini na kumtumia jirani kule Laare pesa ya chakula cha watoto. Pesa ziko. Usiku kucha ndugu wamekuwa wakituma mchango kwa laini ya mama. Shida ni moja: PIN iko kichwani mwa mama, na mama amelala usingizi wa dawa.

Hapo ndipo wengi husema, "Si angempatia tu binti PIN?" Sisi tunasema hapana. Kuna njia salama zaidi, na inaanza siku ile unapopanga mkoba.

Ndani ya mkoba

Beba kitambulisho, barua ya daktari, na dawa zote unazotumia nyumbani. Beba nguo zisizobana: kama utapasuliwa tumbo, dera au leso ni afadhali kuliko suruali yenye mshipi. Usisahau slipas, sabuni, mswaki, taulo na tishu. Maua iko kwenye vilima vya Nyambene na usiku baridi si mchezo, kwa hivyo ongeza sweta na soksi. Pete na hereni ziache nyumbani. Rangi ya kucha itoe, kwa sababu kile kifaa cha kupima oksijeni huwekwa kidoleni.

Kisha weka chaja, na pawabenki kama unayo.

Kabla ya kulazwa

1. *Angalia SHA yako.* Piga *147# uhakikishe umesajiliwa na umelipa. Kama huna ajira rasmi, iwe unalima miraa au una kibanda sokoni, mchango hulipwa wa mwaka mzima, na kiwango cha chini ni shilingi 3,600. Usingoje siku ya upasuaji.

2. *Chagua mweka hazina.* Mtu mmoja mnayemwamini apokee mchango kwa laini yake mwenyewe na aandike kila shilingi. Hivyo PIN yako inabaki yako.

3. *Tuma pesa ya matumizi mapema.* Anayekuuguza apate kwa simu yake pesa ya siku mbili tatu: chakula, nauli na dharura ndogo.

4. *Weka nywila kwenye simu,* na umpe anayekuuguza aishike ukiwa thieta. Anaweza kukushikia simu bila kujua PIN.

Kulipa bili

Namba ya Paybill ichukue kwa keshia au kwenye bango la hospitali. Uliza pia unaweka nini kwenye sehemu ya akaunti, maana mara nyingi ni namba ya mgonjwa. Ndugu aliye Nairobi anaweza kulipa moja kwa moja, bila pesa kupitia mikono mitatu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina la anayelipwa. Ukimaliza, usifute ile meseji, na uitishe risiti.

Akikupigia mtu akisema ni daktari, eti mgonjwa wako anahitaji dawa sasa hivi na utume kwa namba yake, kata simu. Tembea hadi kwa keshia au umuulize nesi wa wodi.

Ukishaamka

Madaktari hushauri mtu aliyepewa dawa ya usingizi asifanye uamuzi mzito kwa saa 24. Kutuma pesa nyingi ni uamuzi mzito. Ukiamka na kukuta meseji ya "nimekosea, nirudishie", usirudishe chochote. Iache hadi kichwa kitulie, kisha uangalie salio lako na upigie huduma kwa wateja.

Mkoba ukiwa tayari leo usiku, kaa chini na atakayekuuguza dakika kumi mpitie mambo haya pamoja. Kesho kazi yako iwe kupona tu.

Ugua pole.